Ghala Halipatikani

Nyumba ya Mama Karibu haikuwa na kengele wala haikuihitaji. Mlango ulikaa wazi tangu asubuhi hadi kuku wa jirani walipokwenda kulala, na mpita njia akisikia kicheko aliingia kujua wanamcheka nani, asije akawa yeye. Sebule ndiyo iliyokuwa saluni: kiti kimoja cha kuzunguka kilichoacha kuzunguka siku nyingi, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na makochi mawili ya wateja na wasio wateja. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu neno "karibu" lilimtoka hata kabla hajaona nani anaingia. Wenye husuda walisema angemkaribisha mwizi, amsuke, kisha amsindikize.

Saa tatu asubuhi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha Muuza Mayai, upande wa kulia umelala mistari, upande wa kushoto umesimama kama umeona jini, simu ikalia. Alikuwa mumewe. Huyo mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe pia, maana nusu ya nyumba za pale umeme wake aliuvuta yeye. Alikuwa na wiki ya pili sasa katika hospitali ya mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, akimuuguza baba yake.

Jicho moja la mzee lilikufa zamani. La pili lilikuwa likimuuma usiku na mchana, na linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Madaktari walisema halina dawa tena, litolewe kabla halijaleta mengine. Leo, saa nane mchana. Mzee hakubisha. Aliweka dole gumba kwenye karatasi, akajifuta wino kwa shuka la hospitali, kisha akatoa sharti lake: kabla hawajamzimia taa, amwone mkewe.

Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Fundi alimwonyesha ile picha ya mazishi aliyokuwa nayo kwenye simu, mzee akaisukuma. Huyu siye, alisema, huyu kabana midomo kama kameza wembe. Alimtaka yule anayetembea na kusema, yule wa siku ya mchele, anayemgombeza.

Mkanda huo wa video ulikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya Ghala.

Ghala lilikuwa kompyuta kuukuu isiyo na kioo, sanduku jeusi lenye ukubwa wa debe, ambalo Fundi aliliunda mwenyewe na kulisimika chumbani kando ya kabati la nguo. Humo alimwaga kila kitu: harusi, misiba, muziki, filamu, watoto wa ndugu wakitambaa. Aliyekuwa nyumbani alifungua simu yake au runinga ya sebuleni akatazama atakacho, na Fundi mwenyewe aliweza kulifungua akiwa popote, mradi pana intaneti.

"Nimelitafuta tangu alfajiri," alisema, "linaniambia halipatikani. Kuna kitu umegusa?"

"Mimi? Niguse nini mimi?"

Lilimtoka haraka, kama neno "karibu" linavyomtoka.

Na alikuwa amegusa. Siku tano nyuma, wakala wa kampuni mpya ya intaneti alipita mtaani na ngazi begani, akasema kisanduku chao pale kwenye nguzo kimebakiza nafasi tatu. Fundi kabla ya kusafiri alikuwa amelisema hilo waziwazi: kampuni watahama, lakini akirudi yeye, maana Ghala lina mambo yake. Mama Karibu alisikia, akaelewa, akaitikia. Lakini nafasi tatu zikawa mbili, mshona nguo wa nyumba ya pili akaidaka moja mbele ya macho yake, na yeye hakuumbwa kuona mtaa unakwenda mahali akabaki nyuma ameshika chanuo. Akasema wamfungie. Walipitisha waya dirishani, wakaweka ruta mpya sebuleni juu ya kabati la vyombo, wakauliza mtandao uitwe nani. Hapo akapiga hesabu zake. Neno la siri la nyumba ile lilikuwa siri kwa jina tu; walikuwa nalo wateja, wapangaji wa nyuma, mpaka mlinzi wa ghorofa la mkabala. Likibadilika, atashinda wiki nzima mlangoni akitaja herufi mojamoja. Akawaambia waweke jina lilelile na neno la siri lilelile. Wakamsifu kwa akili yake. Habari za ruta ya zamani hakuna aliyeuliza.

Basi mtaa ukalala na intaneti moja, ukaamka na nyingine yenye kasi, na asiyejua akawa mwenye nyumba peke yake. Mama Karibu alikusudia kumshangaza akirudi. Sasa akajikuta ameanza na uongo, na uongo ni kama nywele za kuunga: ukishaunga mstari wa kwanza, utaunga mpaka kisogoni.

Fundi alimwambia aende chumbani aangalie kama taa ya Ghala inawaka. Akaenda na simu sikioni, na kabla hajafika kitandani simu ikakatika. Akarudi sebuleni, akapiga, ikashika. Akaenda tena, ikakatika tena. Simu ya kawaida haikuwa na msaada, maana ukuta wa ile wodi ulikuwa mnene na mawimbi hayapenyi. Walikuwa wakizungumza kwa intaneti ya hospitali. Vifurushi vya simu kwake havikununuliwa, nani anunue maji na kisima kiko uani? Mara ya tatu ilipokatika, Muuza Mayai alisema taratibu kwamba chumba hicho kina mambo.

Saa nne akaingia wifi yake, dada yake Fundi, mwalimu wa shule ya msingi aliyeomba ruhusa kazini baada ya kupigiwa na kaka yake. Huyu alizoea kusahihisha, hata salamu aliipa alama. Alitazama sebule, akatazama kichwa cha Muuza Mayai, akasema anaona kazi imegawanywa, mkono wa kuume umefanya na wa kushoto umegoma. Lakini mkoba hakuuweka chini. Mzee aliyekuwa akisubiri kule alikuwa baba yake.

Wakapanga. Wifi Mwalimu asimame ukumbini, pale simu isipokatika, amshike kaka yake kwenye spika. Mama Karibu aingie chumbani na simu yake mwenyewe. Kila neno lipite kwa mwalimu. Sebuleni kukawa kimya kama kanisani, na mpangaji mmoja wa nyuma aliyekuja kuazima ufagio akabaki ameushika.

Taa inawaka? Inawaka. Linanguruma? Linanguruma kama kawaida yake. Lizime, hesabu mpaka thelathini, liwashe. Alihesabu kwa sauti, na wa sebuleni wakamsaidia. Fundi akajaribu kule. Halipatikani. Akasema basi mkewe afungue kwenye simu yake hapohapo chumbani, na Mama Karibu alipofungua, picha zote zilikuwa zimejipanga, harusi, misiba, watoto, na katikati yao mama mkwe na ungo wake wa mchele.

"Lipo!" alisema. "Mwambie lipo, namwona mama huyu hapa."

Wifi akapeleka habari, na Fundi akasikika akishusha pumzi ndefu. Mama Karibu akatoka mbio na simu mkononi ili wifi yake aone kwa macho yake. Alipofika ukumbini picha zikawa zimetoweka, pamebaki kiduara kinachozunguka. Akarudi chumbani. Kikazunguka, kikazunguka, picha zikarejea. Akatoka, zikaondoka. Alifanya hivyo mara nne, kama mtu anayepima mlango.

Fundi aliyasikia hayo yote kupitia kinywa cha dada yake, na sauti yake ikaanza kupungua. Hakuelewa, alisema. Ruta si iko humohumo chumbani, nyuma ya kabati? Huko ndiko intaneti ina nguvu kuliko kote. Iweje simu ikatike huko na ishike sebuleni? Akauliza tena, polepole, kama daktari: hakuna kilichobadilika nyumbani? Umeme haukukatika? Hakuna mtu aliyeingia, aliyehamisha, aliyeunga kitu?

Macho yote yakamgeukia Mama Karibu. Alikuwa amerudi nyuma ya kiti, ameshika kichwa cha Muuza Mayai ili mikono ipate pa kukaa. Muuza Mayai akafumbua mdomo, "Si ile—", na chanuo likatua juu ya sikio lake.

"Hakuna," alisema Mama Karibu. "Kila kitu kipo kama ulivyokiacha."

Wifi Mwalimu alimtazama sana.

Basi kama hakuna kilichobadilika, Fundi akasema, jibu ni moja, na ndilo alilokuwa akiliogopa. Diski ya Ghala inakufa. Inajitokeza, inapotea, inajitokeza, hivyo ndivyo zinavyokata roho. Nakala nyingine hana. Kamera iliyochukua mkanda ule iliibwa mwaka huohuo mama alipofariki. Kila mara linapowashwa huenda ikawa ndiyo ya mwisho. Lizimwe sasa hivi. Kisha mkewe atafute bisibisi kwenye boksi la vifaa, afungue ubavu wa sanduku, achomoe nyaya mbili zilizoshika diski, azifute, azirudishe taratibu. Kuna uwezekano ikaamka mara moja zaidi. Kuna uwezekano isiamke kabisa.

Alikuwa bado anaeleza ilipoingia sauti ya mwanamke kule hospitalini, na mazungumzo ya pembeni. Fundi aliporudi alisema mgonjwa aliyekuwa mbele yao kapanda homa, kaahirishwa. Mzee atachukuliwa saa sita na nusu.

Ilikuwa saa tano na robo.

Mama Karibu akapiga magoti sakafuni chumbani, Ghala limezimwa na kulazwa ubavu mbele yake. Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Mikono yake, iliyozoea kugawa unywele mmoja kwa ncha ya sindano, haikuwa imezoea chuma hiki, na bisibisi ikateleza na kuchora mstari mweupe ubavuni mwa sanduku. Alijua kidogo sana juu ya diski. Lakini alijua jambo moja, kwamba mumewe anapasua mgonjwa kwa maelezo ya uongo, na kisu kiko mkononi mwake yeye. Skrubu ya tatu ikaanza kulegea. Akafikiri, huenda ni diski kweli. Akafikiri, hata nikisema sasa, si nitakuwa nimepoteza asubuhi nzima ya mzee bure? Aibu ina hesabu zake. Kila dakika uliyochelewa kusema inakuwa sababu ya kutosema.

Wifi yake akaja akasimama mlangoni. Simu alikuwa ameiacha kwa Muuza Mayai.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Ile intaneti uliyofungiwa wiki iliyopita. Umemwambia kaka?"

Mama Karibu aliigeuza skrubu ya tatu.

"Nilidhani mna namna yenu ya kuambizana, nikasema nisijitie. Mimi nawe tunataniana, hilo halina mwisho. Lakini anayesubiri kule ni baba yangu. Sema wewe, au nitasema mimi."

Ukumbi ulikuwa na hatua saba. Mama Karibu alizivuka na bisibisi mkononi, akaichukua simu kutoka kwa Muuza Mayai, na wala hakuitoa kwenye spika, maana waliokuwapo wote walikuwa wakijua tayari.

"Baba, nilikudanganya," alisema. Alimwita mumewe hivyo akiwa na shida. "Nimebadilisha kampuni. Siku tano sasa. Ruta yao mpya iko hapa sebuleni."

Alitazama kama simu imekatika. Haikukatika, sekunde zilikuwa zikihesabika. Alingoja atukanwe, na angeshukuru kutukanwa.

"Rudisha skrubu," Fundi alisema.

Kisha akaanza kuuliza, moja baada ya moja, kwa sauti anayotumia kwa wateja asiowajua. Mtandao mpya mliuita nani? Jina lilelile. Na neno la siri? Lilelile. Nani aliizima ruta ya zamani? Mama Karibu akamtazama wifi yake, wifi akamtazama Muuza Mayai, kana kwamba yeye ndiye msimamizi wa ruta.

"Angalieni nyuma ya kabati la nguo," alisema Fundi.

Walilivuta kabati wawili, miguu yake ikilia sakafuni, na nyuma yake, kwenye vumbi na soksi moja iliyokuwa imetafutwa mwaka mzima, ruta ya zamani ilikuwa inawaka taa zake kama mtu aliyekatwa mshahara na bado anakuja kazini. Waya wa Ghala ulikuwa umechomekwa humo.

Fundi akawaeleza kwa maneno machache. Kampuni ya zamani imekata intaneti kwa kutolipwa, lakini ruta yao ipo hai, na Ghala lipo kwake. Ruta mpya ina intaneti, lakini Ghala hailijui. Zote mbili zinaitika jina moja na zinafungua kwa neno moja, hivyo simu haiwezi kujua imeingia kwa nani: chumbani inaingia kwa ya zamani, inaona picha na kukosa mawasiliano, sebuleni inaingia kwa mpya, inapata mawasiliano na kukosa picha. Diski haina ugonjwa wowote.

"Kumbe wake wenza," alisema Muuza Mayai, na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Saa tano na dakika arobaini. Waya ulikuwa mfupi, usingefika sebuleni, kwa hiyo ilibidi Ghala lenyewe lihame. Mama Karibu alilibeba kifuani, mpangaji wa nyuma akatupa ufagio na kusafisha njia, wifi akakumbatia nyaya kama mpambe anayebeba mkia wa gauni la bibi harusi. Wakalikalisha kwenye kochi, wakachomeka waya kwenye ruta mpya, wakaliwasha. Ile ya zamani wakaing'oa ukutani. Ghala lilikuwa zito kuamka. Lilichukua dakika nne, na wote walisimama wakilitazama kama wanaosubiri maji yachemke. Kisha runinga ikaonyesha picha zote, sebuleni, mchana kweupe, bila kupotea.

Kule hospitalini Fundi akajaribu. Halipatikani.

Akajaribu tena. Halipatikani.

Safari hii alijua sababu, na kuijua hakukumsaidia. Kwenye ruta ya zamani alikuwa amejifungulia njia ya kuingilia kutoka nje. Kampuni mpya ilikuwa imeziweka nyumba nyingi nyuma ya lango moja, na ufunguo wa lango wanao wao. Mama Karibu akaazima simu ya mpangaji, akapiga huduma kwa wateja. Akasikilizishwa muziki. Akaambiwa yeye ni mteja wa thamani. Akasikilizishwa muziki tena, mpaka mkono ulioshika simu ukafa ganzi, ndipo binti mwenye sauti ya asali akamwambia ombi lake la kupewa njia yake mwenyewe limepokelewa, na litashughulikiwa ndani ya siku tatu za kazi. Alimweleza kuhusu jicho. Sauti ya binti ikawa ya mtu, akasema, dada, ningekuwa na uwezo ningekufanyia sasa hivi, lakini hicho kitufe hatunacho huku.

Saa sita na dakika tano. Wakajaribu kuutuma mkanda wenyewe kwa simu, kama wanavyotuma picha za harusi. Ulikuwa mzito, wa kamera nzuri, na intaneti ya hospitali ilikuwa ikiumeza kwa matone. Asilimia mbili. Asilimia tatu. Wifi Mwalimu alikuwa akizitaja kwa sauti, kama anayeita mahudhurio ya darasa lisilo na watoto, mpaka Mama Karibu akamwomba anyamaze. Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kiti cha wateja. Alikuwa akifikiri juu ya mkono wa mzee, mkavu na mwepesi, uliomshika siku aliyoingia katika ukoo ule. Mzee alimwambia ndugu zake kwamba huyu anaongea sana, mwacheni, nyumba isiyo na kelele haina watu. Na yeye kwa kelele zake ndiye aliyemzimia taa.

"Lakini," alisema Muuza Mayai. Alikuwa amekaa na nusu kichwa chake tangu asubuhi na hakuna aliyemkumbuka. "Samahani, mimi biashara yangu mayai. Lakini si tunamwona mama hapo kwenye runinga? Na Fundi si anaweza kutuona kwa simu? Sasa simu si imtazame mama?"

Walimtazama. Wifi Mwalimu alisema, kwa upole ambao hawakuuzoea kwake, kwamba hilo ni jibu sahihi.

Wakapiga simu ya picha. Fundi akaonekana, ndevu zimemjaa, macho mekundu. Nyuma yake mzee kwenye kitanda cha magurudumu, tayari amevishwa kanzu ya kijani ya chumba cha upasuaji. Mama Karibu akaielekeza simu kwenye runinga. Fundi akasema haoni kitu, ni mwanga mtupu, kioo cha runinga kinang'aa kama bati la juani.

"Fungeni mlango," alisema Mama Karibu.

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo mchana. Mpangaji akaufunga, ukagoma, akaupiga bega. Muuza Mayai akapanda kochi na kutandaza dirishani shuka la kufunikia wateja, mikono juu, upande mmoja wa nywele umesimama wima. Watu wanne waliokuwa nje wakitaka kujua kulikoni wakajipanga mbele ya dirisha la pili, bila kuambiwa sababu, migongo kwa kioo. Sebule ikaingia giza la saa kumi na mbili.

Fundi alisema sasa anaona.

Saa sita na dakika ishirini na moja, Wifi Mwalimu akabonyeza.

Mama mkwe akatokea, amekaa kwenye kigoda kizingitini mwa jiko, ungo mapajani, anachambua mchele. Hakujua kwamba anachukuliwa. Alikuwa akiimba kitu kwa pua, akitupa mawe madogo pembeni, na mchele ulikuwa ukisikika ukipapasa ungo. Mama Karibu aliishika simu kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa mbavuni isitikisike. Kwenye kioo cha simu aliona mzee akiisogeza ile ya kwao karibu, karibu zaidi, mpaka kioo kizima kikawa jicho: jekundu, lenye ukungu, linasakasaka, halijui pa kutazama. Fundi alikuwa akimwelekeza, kushoto baba, kushoto kidogo. Mama mkwe akatupa jiwe jingine. Jicho likasakasaka. Wifi alikuwa ameuma kona ya mtandio wake. Mlango ulisikika kule hospitalini, na sauti ya muuguzi ikasema jamani, wakati.

Kisha jicho likatulia.

Kwenye runinga mama mkwe aliinua uso. Si kwa kamera, kwa mtu aliyesimama nyuma ya kamera, na uso wake ukakunjuka na kukunjika kwa wakati mmoja, kama wanawake wanavyowatazama wanaume waliowachosha na ambao hawawezi kuwaacha.

"Wewe mzee nawe, umesimama mlangoni tangu asubuhi," alisema. "Unanizibia mwanga. Ondoka hapo."

Kwenye simu, jicho lilipepesa. Sauti ya mzee ilitoka nyuma yake, kavu, ya kila siku, ya mtu aliyekuwa akijibu maneno hayo miaka arobaini.

"Haya, mama. Naondoka."

Magurudumu yakaanza kulia. Picha ikayumba, dari, taa, bega la Fundi, dari. Mama Karibu hakuishusha simu. Aliendelea kuielekeza kwenye runinga hata picha ya kule ilipoganda, hata ilipokuwa nyeusi, hata mama mkwe alipomaliza mchele wake, akasimama, akapigapiga kanga na kuingia ndani, na runinga ikauliza kama wanataka kuanza upya.

Hakuna aliyefungua mlango. Muuza Mayai alikuwa bado juu ya kochi, mikono ingali juu, analia kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Wifi Mwalimu alimsaidia kushuka.

Saa saba kasoro dakika tano ujumbe ukaingia. Wifi aliusoma juu ya bega la Mama Karibu.

"Ameingia chumba cha upasuaji. Kasema mkwewe ashukuriwe, kamwona vizuri. Sikumwambia kilichotuchelewesha. Mimi na wewe bado."

Mama Karibu alisoma mara tatu. Akaandika maneno mengi, akayafuta. Akaandika machache, akayafuta. Mwishowe akajibu, "Najua," akaiweka simu kifudifudi juu ya Ghala, na vidole vyake vikaanza kutafuta mahali alipokuwa ameachia, kwenye ule upande wa kushoto wa kichwa cha Muuza Mayai.